Benga Mlangoni, Omena Kwenye Buti (Sehemu ya Pili)

Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zinazowavuta samaki hao wadogo hadi juu ya maji. Kukicha hutandazwa juani kwenye fuo za Usenge, Mbita na Sindo. Wakishakauka hutiwa magunia, na mengi ya magunia hayo huingia mjini Kisumu ndani ya Probox na Fielder. Omena mkavu ni mwepesi, ila anachukua nafasi kubwa. Gari hujaa kabla halijalemewa. Kwa hiyo fundi wa stereo anapomwambia mwenye gari la ziwani kwamba mdundo mzuri unadai sanduku kubwa la spika nyuma, jamaa huuliza kwanza: magunia yatakaa wapi?

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu springi na matairi ya gari la mzigo. Sehemu hii inaingia ndani ya gari, kwenye redio na spika, na jibu lake kwa swali la magunia ni fupi: yakae palepale. Sehemu kubwa ya sauti inayokosekana kwenye gari lililotoka Japani hupotelea kwenye dashbodi na milangoni. Buti halina hatia.

Toyota ilipozindua Probox mwaka 2002, ililitengeneza liwe gari la kazi. Toleo lake la mizigo lilikadiriwa kubeba hadi kilo 400, na kila kitu kingine kilipunguzwa ili bei ishuke. Muziki haukuwa hoja. Fielder ilitengenezwa kwa ajili ya familia na ina nafuu kidogo, lakini hata humo spika za kiwandani huwa na koni ya karatasi na sumaku ndogo. Gari likishuka bandarini Mombasa, kwa kanuni ya Kenya isiyoruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, spika hizo huwa zimeshapigwa na jua na unyevu kwa miaka kadhaa.

Tatizo la kwanza, hata hivyo, ni redio yenyewe. Nchini Japani stesheni za FM zilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye bendi ikapanuliwa hadi 95. Kenya hutangaza kati ya 87.5 na 108. Redio ya Kijapani isiyoguswa inanasa kipande kidogo tu cha mwanzo wa bendi ya Kenya. Mafundi wengi hutatua hilo kwa kijisanduku kinachopachikwa kati ya waya wa antena na redio, ambacho hushusha masafa. Kikishusha kwa 20, stesheni ya 100 inasikika kwenye 80. Lakini piga hesabu: redio inayoishia 90 itafika 108 bila shida, ila stesheni nyingi zilizo chini ya 96 zitapotea. Kikishusha kwa 12, za chini zinarudi na zote zinazozidi 102 zinatoweka. Msikilizaji wa Ramogi FM, Radio Mayienga na Radio Lake Victoria anaweza kujikuta anapata moja au mbili tu, tena kwa mkwaruzo, kwa kuwa kijisanduku chenyewe hupunguza nguvu ya mawimbi.

Kuna balaa jingine la redio hizi. Baadhi ya zile zenye ramani ya Kijapani hujifunga betri inapochomolewa, zikadai namba ya siri ambayo haikuja na gari. Fundi asiyejua hilo huchomoa betri kwa nia njema ya kuzuia shoti, na mteja anarudishiwa skrini iliyokufa. Kwa mwenye gari la aina hiyo, dawa ya kudumu ni redio mpya yenye bendi ya kimataifa. Akumbuke tu kwamba nafasi ya redio kwenye Toyota nyingi za Kijapani ina upana wa sentimita 20, ilhali redio nyingi za madukani zina karibu 18. Pengo hilo huzibwa kwa fremu maalumu ya plastiki, inayopatikana bila taabu. Anayeziba kwa kadibodi ataisikia ikitetemeka kila gari likipita kwenye tuta.

Kwenye kasha la redio hiyo mpya pataandikwa, kwa herufi nono, wati 50 mara nne. Namba hiyo isimzuzue mtu. Injini ikiwaka, mfumo wa umeme wa gari hutoa takriban volti 14. Kwa volti hizo, redio isiyo na amplifaya ya nje, ikiendesha spika ya kawaida ya ohmu 4, haiwezi kuvuka wati 26 za sauti safi kwa kila spika hata kwa hesabu ya karatasi; kazini hutoa kati ya 15 na 22. Zinazobaki ni kelele za kuunguruma pale sauti inapofunguliwa hadi mwisho.

Sasa mlango. Fundi makini akiufungua, huanza kwa kutoa skrubu iliyojificha nyuma ya kishikio, kisha hung'oa paneli ya plastiki kwa kuzivuta klipu zake moja baada ya nyingine. Nyuma yake hukuta karatasi ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, na chini, karibu na goti la dereva, spika ya kiwandani. Kwenye Toyota nyingi spika hiyo imefungwa kwa riveti, si skrubu, hivyo lazima zitobolewe kwa drili. Hapo ndipo kazi ya haraka huharibika: unga wa chuma kutoka kwenye drili huvutwa na sumaku, na ukiingia kwenye spika mpya iliyowekwa karibu, itakwaruza maisha yake yote. Fundi mzuri hufagia kwanza, hupangusa, ndipo afungue boksi la spika mpya.

Nyuma ya ile karatasi kuna matundu makubwa kwenye bati la mlango, na humo ndimo mdundo hupotelea. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana kupitia matundu, hufutana, na noti nene ndizo zinazoumia zaidi kwa kuwa mawimbi yake ni marefu: wimbi la hezi 60 lina karibu mita 6, refu kuliko Probox yenyewe. Tiba yake ni kuziba matundu kwa mikeka ya butili yenye ngozi ya alumini, kubandika vipande vingine kwenye bati la nje ili lisitetemeke, na kuifunga spika juu ya pete ngumu isiyoachia upenyo. Pete za mbao za unga uliogandamizwa hazifai Kisumu. Maji ya mvua hupita ndani ya mlango wa kila gari na kutokea kwenye vitundu vya chini, na mbao hizo zikilowa huvimba zikamomonyoka. Plastiki au mbao zinazostahimili maji zitadumu. Vile vitundu vya chini visizibwe kamwe. Mlango usiotoa maji huoza.

Kazi hii haichukui hata sentimita moja ya buti, na kwa msikilizaji wa benga huenda ikamtosheleza. Nyuzi nne za gitaa la besi, zikipigwa wazi, hutoa hezi 41, 55, 73 na 98. Spika ya sentimita 16 iliyofungwa vizuri kwenye mlango uliozibwa hushuka bila taabu hadi karibu 60 au 70. Maana yake, sehemu kubwa ya lile gitaa la besi linalokimbizana na solo kwenye nyimbo za D. O. Misiani na Shirati Jazz, bendi ya benga iliyoitikisa kanda ya ziwa hadi kifo cha Misiani katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka 2006, inaweza kutoka mlangoni. Kinachobaki kutafutwa ni ngazi ya chini kabisa, inayohitajika zaidi na wapenzi wa hip hop na muziki wa klabu.

Wakati wa kununua spika, wengi huuliza wati ngapi. Swali lenye faida zaidi ni desibeli ngapi kwa wati moja, namba ambayo huandikwa kwenye boksi. Spika ya desibeli 91 na ile ya 87 zinatofautiana kwa 4 tu, lakini ili ya pili ifikie sauti ya ya kwanza inahitaji nguvu mara mbili na nusu. Anayetegemea redio pekee, bila amplifaya, achukue ile ya namba kubwa.

Akitaka amplifaya, zipo ndogo za siku hizi zinazoenea chini ya kiti cha abiria au nyuma ya dashbodi, nyingine zikiwa na plagi ya Toyota inayoingia bila kukata waya wa kiwandani hata mmoja. Kuzificha kwenye sakafu ya buti ni kosa kwa gari linalobeba mbuta, kwa sababu barafu huyeyuka na maji yake ya samaki hula viungo vya umeme. Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, uwe na fyuzi isiyozidi nusu mita kutoka hapo, na uwe wa shaba tupu. Waya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, na hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba halisi. Mteja akwangue ncha kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, ni alumini. Waya huo upite upande mmoja wa gari na waya za sauti upande wa pili, la sivyo spika zitapiga mluzi unaopanda na kushuka na injini.

Ngazi ya chini kabisa ina njia mbili zisizogusa magunia. Ya kwanza ni sabufa bapa ya chini ya kiti, yenye amplifaya yake ndani. Pioneer na Kenwood hutengeneza za kimo cha takriban sentimita 7. Kabla ya kuinunua, kiti kisogezwe mbele na nyuma huku nafasi ikipimwa kwa rula. Kwa magari yanayopita Ahero na uwanda wa Kano, ambako mto Nyando hufurika, inuliwe kidogo juu ya zulia. Kwenye Toyota Aqua, chini ya kiti cha nyuma kuna betri ya haibridi na tundu la hewa ya kuipoza. Tundu hilo lisifunikwe kwa chochote.

Njia ya pili ni sabufa ya duara inayokaa ndani ya gurudumu la akiba, kama BassPro Hub ya JBL yenye spika ya inchi 11. Inafaa Fielder na magari mengine ambayo gurudumu hilo limelala chini ya sakafu ya buti. Wapo wanaoshauriwa kuliacha gurudumu nyumbani ili wapate shimo zima. Anayekwenda Luanda K'Otieno usiku asiwasikilize. Ahakikishe pia plagi ya sabufa inachomoka kwa mkono, kwa sababu pancha haisubiri fundi.

Ukishafungwa vizuri, mfumo huu utakuwa na nguvu ya kumsumbua jirani. Kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ya Kenya zinagusa magari pia. Masikio nayo yana kiwango chake: Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa salama, na kwa desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4. Dereva anayeshinda barabarani siku sita anazimaliza saa hizo siku ya kwanza.

Kwa mwenye bajeti ndogo, basi, mpangilio wa matumizi ni huu: redio inayonasa bendi ya Kenya, kuziba milango ya mbele, spika za mbele zenye desibeli nyingi, kisha amplifaya ndogo, na sabufa ya chini ya kiti mwisho. Spika za nyuma zinaweza kubaki za kiwandani. Aliyeishia hatua ya tatu na kuridhika hana sababu ya kuendelea, na sanduku la inchi 12 amwachie mwenye matatu.

Sehemu ya tatu itahusu betri na alteneta: jinsi ya kujua kama gari linamudu mzigo huo mpya wa umeme kabla halijakataa kuwaka asubuhi ufuoni.