Kitenzi 'Kiuka': Maana na Matumizi Yake

Miongoni mwa vitenzi vinavyotumiwa kuelezea uvunjaji wa kanuni, kiuka ndicho kinachodhaniwa mara nyingi kuwa kisawe kamili cha vunja. Makala haya yanaonyesha kwamba sivyo.

Maana ya msingi ya kiuka ni kupita juu ya kitu kwa kuinua mguu. Milango ya kale ya nakshi katika Mji wa Kale wa Mombasa huwa na kizingiti cha chini kilichoinuka. Aingiaye hana budi kukikiuka. Kadhalika, apitaye kichochoroni akawakuta watu barazani wamenyoosha miguu, adabu humtaka aombe njia, kwani kumkiuka mtu ni kumdharau. Kutokana na maana hiyo, si vigumu kuona namna kitenzi hiki kilivyoweza kuhusishwa na sheria, mipaka, haki na maadili.

Ikumbukwe kwamba kinachokiukwa hubaki pale pale. Kinachovunjwa hubadilika au hukoma. Bunge likivunjwa, muda wake umekwisha, wala hakuna aliyekosa. Vivyo hivyo, wanaovunja jungu mwishoni mwa Shaabani hawana hatia yoyote. Wanaukaribisha mwezi wa Ramadhani.

Vitenzi asi na halifu, vyote vyenye asili ya Kiarabu, vina mipaka yake. Asi humhitaji mwenye mamlaka: Mungu, mzazi au serikali. Mtoto humwasi babake. Tukisema amemkiuka babake, msikilizaji atadhani mzee alikuwa amelala sakafuni. Halifu nacho kimezaa mhalifu na uhalifu, maneno ambayo leo yamebeba uzito wa jinai.

Tofauti hizi zina athari katika maisha ya watu. Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Tuchukue mfano wa mwenye nyumba aliyeubadilisha uso wa nyumba yake bila ya kibali. Huyo amekiuka masharti ya hifadhi. Kumwita mhalifu ni kumhukumu kabla ya mahakama. Au mpangaji aandikiwe barua kwamba amevunja mkataba. Anaweza kufahamu kuwa mkataba umekwisha na kwamba anatakiwa kuhama. Akiambiwa amekiuka sharti la mkataba, atajua kuwa mkataba ungalipo na kwamba huenda kosa likarekebishwa.

Ni kweli kuwa mbele ya nomino sheria, vunja na kiuka hukaribiana sana, na magazeti huvibadilisha yapendavyo. Hata hivyo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Barua, mikataba na hukumu zikiandikwa kwa lugha hii, mwandishi asiyepambanua vitenzi hivi aweza kumpotezea mtu nyumba yake au jina lake.