Kabla ya Kufomata, Tazama Saa

Jenereta inawashwa, kompyuta ya mezani inaanza kuvuma, na badala ya picha iliyozoeleka inatokea skrini nyeusi yenye maandishi meupe: tarehe na saa hazijapangwa, bonyeza F1 uendelee. Mwenye ofisi anabonyeza F1. Windows inafunguka, mafaili yote yapo, ila intaneti imegoma. Kila ukurasa anaoufungua unaleta onyo kwamba muunganisho si salama. Anaitwa fundi, na fundi mwenye haraka anatoa hukumu inayosikika Kasongo na Kabambare sawasawa, miji ya mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo: mashini ina virusi, tuifomate.

Isifomatwe. Kilichokufa ni kibetri kimoja kidogo.

Ukifungua kasha la kompyuta ya mezani utakiona juu ya ubao mama, kimekaa bapa na kung'aa kama kifungo cha koti. Kimeandikwa CR2032, na maandishi hayo yana maana: C ni aina ya kemikali ya lithiamu iliyomo, R ni umbo la duara, 20 ni kipenyo chake kwa milimita, na 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Kazi yake ni kuilisha saa ya ndani wakati kompyuta imezimwa. Saa hiyo huongozwa na fuwele ya kwatsi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja, na ndivyo kompyuta inavyoipata sekunde yake. Mpangilio wa saa yenye betri ndani ya kompyuta ya ofisini ulikuja na IBM PC AT ya mwaka 1984, na mpaka leo haujabadilika sana.

Kibetri hiki hufa mapema zaidi kusini mwa Maniema kuliko Brussels au Nairobi. Kompyuta iliyochomekwa ukutani usiku na mchana haitegemei betri hata ikiwa imezimwa, kwa sababu kifaa chake cha kugawa umeme huendelea kupitisha mkondo mwembamba unaoilisha saa. Kasongo na Kabambare, ofisi nyingi hupata umeme wa pano za jua au wa jenereta kwa saa chache, kisha waya unachomolewa hadi kesho. Kompyuta inayofanya kazi saa nne kwa siku inakiachia kibetri saa 20 zilizobaki. Ongeza hapo kwamba mashini nyingi hufika zikiwa zimeshatumika kwingine, na betri zake zimekwisha kuzeeka safarini.

Saa ya ndani ikikosa chakula, tarehe hurudi nyuma, mara nyingi hadi mwaka ambao programu ya kiwandani iliandikwa. Tuseme imerudi 2012. Hapo ndipo intaneti inapogoma, na sababu yake inafaa ieleweke vizuri. Kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha. Mnamo Septemba 2020 vivinjari vikubwa vilianza kukataa cheti kipya kinachodumu zaidi ya siku 398, na vyeti vya bure vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na mamilioni ya tovuti, vimezoeleka kudumu siku 90. Kompyuta inayoamini kwamba tuko 2012 inakikagua cheti cha benki, cha barua pepe, cha chuo, na kuona kwamba siku yake ya kuanza haijafika. Kwake vyeti vyote vya dunia havijazaliwa. Inakataa, na ina haki ya kukataa, maana kwa mujibu wa saa yake hicho ni cheti ambacho bado hakijaanza kutumika. Chrome ya Kifaransa husema wazi kabisa: «Votre horloge est en retard», saa yako iko nyuma. Sentensi hiyo hupitwa bila kusomwa kwa sababu skrini nzima imejaa rangi ya hatari.

Mtu anaweza kudhani kwamba akisubiri, Windows itaisahihisha saa yenyewe kupitia mtandao. Kwa kawaida haifanyi hivyo. Huduma yake ya saa imewekewa mpaka kwa kompyuta isiyo chini ya seva ya ofisi: tofauti ikizidi saa 15, haigusi kitu. Mpaka huo una busara yake, kwani saa inayoruka miaka kumi kwa amri ya mtandao ni jambo la kutiliwa shaka, lakini matokeo ni kwamba mashini iliyorudi 2012 inabaki 2012. Lazima mtu aingie kwenye «Heure et langue», aandike tarehe ya leo kwa mkono, ndipo abonyeze «Synchroniser maintenant». Dakika mbili. Kurasa zinafunguka. Kisha anunue CR2032 mpya, azime kompyuta, achomoe waya, abadilishe kibetri, upande ulioandikwa + ukiwa juu.

Kuna sura ya pili ya ugonjwa huu, na hiyo ndiyo inayopoteza kazi za watu. Kibetri hakilindi saa peke yake. Katika kompyuta nyingi za zamani kinalinda pia mipangilio ya mwanzo kabisa: diski ipi isomwe kwanza, na isomwe kwa njia gani. Betri ikifa, mipangilio hiyo hurudi ilivyotoka kiwandani. Iwapo Windows iliwekwa diski ikisomwa kwa njia ya AHCI na sasa kompyuta imerudi kwenye IDE, itakuja skrini ya bluu kila ikiwashwa. Iwapo mpangilio wa kuanzia umebadilika, yatakuja maneno kwamba hakuna diski ya kuanzia. Diski ipo na ni nzima, ila imeitwa kwa njia isiyoijua. Fundi akiingia kwenye ukurasa wa mipangilio hiyo (BIOS), kwa kitufe cha F2 au Del kutegemea mashini, na kurudisha mpangilio ule wa awali, kompyuta inaamka kama ilivyolala.

Akifomata, TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kasongo imekwenda. Rejista za parokia zimekwenda, na orodha za mishahara ya walimu pia. Mahali ambapo megabaiti hununuliwa kwa hesabu, watu wachache wana nakala ya kazi zao mtandaoni, na mara nyingi diski ile ndiyo nakala pekee. Ndiyo maana neno «tufomate» halipaswi kuwa la kwanza mdomoni mwa fundi. Aliyesafiri kutoka Kabambare na kompyuta yake nyuma ya pikipiki anastahili kwanza mtu aitazame saa.

Saa yenyewe ina jambo lingine, na hapa jiografia ya Kongo inaingia ndani ya mipangilio. Nchi ina majira mawili. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya rejea. Maniema, pamoja na mikoa mingine ya mashariki, iko saa mbili mbele. Ikiwa 12:00 Kasongo, ni 11:00 Kinshasa, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kigoma, ni 13:00. Kompyuta iliyopangiwa majira ya Kinshasa itaonyesha saa moja nyuma. Mtumiaji anaisogeza kwa mkono, anaridhika, na siku kompyuta inapokutana na mtandao inajirudisha ilikokuwa. Anaisogeza tena. Wapo wanaoishi na mchezo huo mwaka mzima wakiamini mashini ni mbovu.

Kinachotakiwa kubadilishwa ni ukanda wa saa, mishale iachwe. Tatizo ni kwamba orodha ya Windows haina jina la Kasongo wala Lubumbashi. Linalofaa ni «Harare, Pretoria», UTC+02:00. Anayetumia Linux ana bahati zaidi, kwani kwake Africa/Lubumbashi imo kwa jina lake. Asichague Cairo wala Athens kwa sababu tu zimeandikwa +2. Miji hiyo husogeza saa zake kwa msimu, na kompyuta itasogea nayo. Kisa cha kutatanisha kuliko vyote ni cha mashini iliyotoka Ubelgiji ikiwa bado na majira ya Brussels. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi Brussels huwa kwenye UTC+2, sawasawa na Kasongo, na hakuna anayegundua chochote. Inafika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ulaya inarudisha saa nyuma, na kompyuta ya Kasongo iliyokuwa sahihi miezi saba inaanza kuchelewa saa nzima bila kuguswa na mtu.

Baada ya saa, klavie, yaani kibodi. Ofisi za Kongo huandika Kifaransa, kwa hiyo Windows hupangwa kwa mpangilio wa Kifaransa, AZERTY. Lakini kibodi nyingi zinazouzwa zimechapishwa kwa mpangilio wa Kiingereza, QWERTY. Vidole vinafuata kilichochapishwa, kompyuta inafuata ilichoambiwa. Mwandishi anaandika Kasongo, inatoka «Kqsongo». Anaandika Kabambare, inatoka «Kqbq,bqre». Maniema inageuka «?qnie,q», kwa sababu mahali palipochapishwa M, AZERTY ina mkato, na ukibonyeza pamoja na Shift inatoa alama ya kuuliza. Mwenye uzoefu akiliona q mahali pa a haulizi zaidi. Anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi na kuchagua mpangilio unaolingana na maandishi yaliyo mbele yake. Wakati mwingine hakuna aliyebadilisha kitu kwa kusudi: Alt na Shift zikibonyezwa pamoja kwa bahati mbaya, kompyuta yenye mipangilio miwili huruka kutoka mmoja kwenda mwingine.

Barua iliyoharibika huonekana. Neno la siri halionekani. Kwenye AZERTY namba za juu hutoka kwa Shift tu; bila Shift, 2018 inakuwa «éà&_», na mwenye kompyuta anaona vidoti vinne vilevile alivyovizoea. Anajaribu mara tatu, mara nne, anaanza kumshuku kijana aliyeitumia jana. Kwenye skrini ya kuingilia, pembeni chini, kuna herufi chache zinazotaja lugha ya kibodi. Hizo zitazamwe kwanza, pamoja na taa ya «Verr Maj» na ya «Verr Num». Kiswahili chenyewe hakina shida na kibodi yoyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa hakina alama juu ya herufi; ni é na ç za Kifaransa zinazoifanya AZERTY iendelee kuhitajika katika mji ambao barua moja huanza kwa lugha moja na kumalizika kwa nyingine.

Mpangilio wa tatu ni wa eneo, na madhara yake huja kimya kimya. Huu ndio unaoamua kama moja na nusu ni 1,5 au 1.5, na kama fomula ya Excel hutenganishwa kwa mkato au kwa nukta mkato. Aliyejifunza kwa kitabu cha Kiingereza akiandika SUM kwenye Excel ya Kifaransa anajibiwa #NOM?, kwa sababu pale inaitwa SOMME. Hilo angalau linapiga kelele. Tarehe hazipigi kelele.

Na kosa la tarehe si dogo hapa, kwani Kasongo ina historia ndefu ya kuhesabu kwa uangalifu. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp ilishiriki hapo katika kazi ya huduma za afya ya msingi iliyokuja kujulikana duniani kama Mradi wa Kasongo. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa timu hiyo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wenye miezi 7 hadi 35, na matokeo yake yalijadiliwa kwa muda mrefu baadaye. Utafiti wa aina hiyo unasimama juu ya tarehe mbili kwenye karatasi: alizaliwa lini, alichanjwa lini. Leo takwimu za vituo vya afya nchini hupelekwa kwenye DHIS2, programu iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, na kabla ya kufika huko nyingi hupitia kompyuta ya mezani.

Mtoto aliyezaliwa 03/04/2024 amezaliwa tarehe 3 Aprili kwa mpangilio wa Kifaransa. Kwa mpangilio wa Kimarekani amezaliwa tarehe 4 Machi. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, yaani tarehe 3 Januari 2025. Kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani itamwita tarehe 4 Desemba, akiwa na miezi minane. Hakuna onyo lolote litakalotokea, kwani tarehe zote mbili ni halali.

Kuna njia ya kuijaribu mashini kabla ya kuiamini. Andika 25/04/2024 kwenye kisanduku kitupu cha Excel. Ikisogea kulia, kompyuta imeisoma kama tarehe na inaanza na siku. Ikibaki kushoto, imeichukua kama maneno matupu, kwa kuwa inatafuta mwezi wa 25. Hapo badilisha eneo liwe la Kifaransa, funga programu na kuifungua upya. Tarehe zilizokwisha kuingia hazitajirekebisha. Inabidi kuketi na rejista ya karatasi, kulinganisha mstari kwa mstari watoto wote waliozaliwa kati ya tarehe 1 na 12 za kila mwezi. Kuanzia tarehe 13 kosa hujionyesha lenyewe.