Ng'ombe mmoja, mikono mingapi?

Akina mama wa Nundu, anayetaka ng'ombe wa maziwa huwaza litri za kuuza. Ahesabu mikono kwanza.

Ng'ombe anayekamuliwa na kulishwa zizini hunywa litri 40 hadi 60 kwa siku: bidoni 2 au 3 za litri 20. Hula kilo 40 za majani mabichi au zaidi: mizigo 2. Hizo ni safari 4 au 5; tuhesabu 5. Tuseme safari moja ni nusu saa: saa mbili na nusu. Ongeza kukamua asubuhi na jioni, kuosha vyombo na kutoa samadi, karibu saa mbili. Ni saa nne na nusu kila siku, hata Jumapili. Kiangazi majani hukauka na safari hurefuka, hesabuni upya.

Mikono ikipunguka, binti ndiye hujaza pengo. Sisi walimu tunamwona akiingia darasani saa tatu, amechoka.

Basi andikeni majina: nani maji, nani majani, nani kukamua. Kazi ikikosa mtu mzima, lipeni kibarua, na mshahara wake utoke kwenye pesa ya maziwa kabla ya kuhesabu faida.