Gari la Rimoti katika Vumbi la Lubumbashi

Gari la rimoti la dukani, lile linalopangwa pamoja na wanasesere, na gari la rimoti la waraibu hufanana kwa macho tu. La kwanza limefungwa kiwandani lisifunguliwe tena: sakiti moja ndogo hubeba kazi zote, usukani hujua kushoto, katikati na kulia basi, na gia ya plastiki ikivunjika gari limekwisha. La pili limeundwa ili lifunguliwe. Kila kipande chake, kuanzia mkono wa gurudumu hadi gia ndogo kuliko zote, kina namba katika orodha ya vipuri na huuzwa peke yake. Anayeanza uraibu huu Lubumbashi hana budi kuanzia kwenye tofauti hiyo, kwa sababu huku swali la vipuri hutangulia swali la mbio.

Magari ya aina hii ya pili yana umri wa zaidi ya nusu karne. Elettronica Giocattoli ya Italia ilitoa Ferrari 250 LM ya kipimo cha 1/12 mwaka 1966, na Tamiya ya Japani ikafuata na Porsche 934 mwaka 1976. Watoto wa Katanga, eneo la Lubumbashi, kama wenzao wa Zambia na Malawi, walipata gari la kuongoza kwa mkono bila kupitia dukani: fremu ya waya, magurudumu ya makopo au ya ndara zilizochakaa, na waya mrefu unaopanda hadi mkononi kugeuza magurudumu ya mbele. Aliyewahi kuunda gari hilo anajua tayari jinsi usukani unavyofanya kazi. Kilichobaki kwake ni umeme.

Rimoti ya kisasa ina umbo la bastola: kidole huvuta kiwashio kuongeza mwendo, na mkono wa pili huzungusha gurudumu dogo la usukani. Amri husafiri kwa mawimbi ya gigahezi 2.4 hadi kwenye risiva ndani ya gari, na risiva huzigawa mafungu mawili: za usukani huenda kwenye sevo, mota ndogo inayogeuza magurudumu kwa kipimo, za mwendo huenda kwenye kidhibiti, kinachopima umeme unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mota. Zamani, katika megahezi 27, magari mawili ya masafa yaleyale yaligombania amri. Siku hizi kila rimoti huoanishwa na risiva yake, hata kumi zikiwa uwanja mmoja. Sheria moja haijabadilika: rimoti huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho, la sivyo gari linaweza kukimbia bila mwenyewe.

Kwa kipimo, 1/10 ndiyo chaguo la busara, na liwe gari la ardhi mbovu: tumbo liwe juu, matairi makubwa, shokamzoba ndefu. Magari ya lami hukaa milimita chache tu kutoka chini, na nje ya sakafu laini hayana maisha. Ya injini ya mafuta yanavutia kwa mlio wake, ila kwa mwanafunzi yana mzigo. Lubumbashi ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya nane. Injini hupungukiwa nguvu, na kabureta hulazimika kurekebishwa upya. Mafuta yenyewe, mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, hayauzwi kwenye kituo cha petroli.

Mota ya brashi inatosha kwa mwaka wa kwanza. Ni nafuu, hutambaa vizuri kwa mwendo mdogo, na humsamehe anayekosea gia. Ile isiyo na brashi hupimwa kwa mizunguko kwa kila volti: yenye 3,000, ikipewa volti 7.4, huzunguka mara 22,200 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Kasi hiyo mikononi mwa mgeni huishia kwenye ukuta.

Betri ndiyo sehemu inayodai akili zaidi. Ya nikeli, ya seli sita na volti 7.2, ni nzito lakini ni mpole. LiPo, yaani ya lithiamu-polima, ni nyepesi na ina nguvu, na nyingi kati yake zina oksidi ya lithiamu na kobalti upande wa chanya. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa ikichimbwa Kolwezi na kandokando ya barabara iendayo huko. Madini husafishwa zaidi China, kisha hurudi Lubumbashi yakiwa ndani ya pakiti ya gramu mia chache, bei yake ikiwa imepanda mara nyingi.

Seli ya LiPo ikijaa huwa na volti 4.2, na haipaswi kushuka chini ya 3.0. Vidhibiti vingi huweza kukata umeme kabla ya hapo, lakini sharti viwekwe kwenye hali ya LiPo. Vikiachwa kwenye hali ya nikeli, betri inaweza kufa siku ya kwanza. Chaja lazima isawazishe seli. Pakiti ya miliampea-saa 5,000 huchajiwa kwa ampea 5, kama saa moja hivi, juu ya saruji, mtu akiwa karibu. Iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa: moto wake hauzimiki kirahisi. Isiyotumika kwa siku kadhaa iachwe na volti 3.8 kwa seli.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, chaja nyingi za waraibu hukubali volti 12 za betri ya gari la kweli. Pakiti ya volti 7.4 yenye miliampea-saa 5,000 hubeba wati-saa 37 tu, na betri ya gari ya ampea-saa 60 ina takriban 720, hivyo inaweza kuijaza mara kadhaa bila kuzimia. Anayerudi kutoka safarini na betri kwa ndege aziweke kwenye mkoba wa mkononi, ncha za betri zikiwa zimefunikwa. Kuziagiza ni kugumu zaidi: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo ya kibiashara katika ndege za abiria.

Kiangazi, kuanzia Mei, vumbi jekundu huingia kila mahali. Kosa la kawaida ni kupaka oili gia zilizo wazi: vumbi hunasa humo na kuwa msasa. Beringi ziwe na vifuniko vya mpira, na gari lipigwe brashi kavu kabla ya maji. Kazi hiyo ifanyiwe nje, kwa barakoa, hasa gari likiwa limetoka upande wa tanuru la zamani la kampuni ya madini ya Gécamines: shaba ilianza kuyeyushwa hapo mwaka 1911, na tafiti zimekuta metali nzito katika udongo wa jirani. Masika huleta tope. Sehemu za umeme zilizozibwa hustahimili, lakini beringi za chuma hushika kutu zisipokaushwa jioni ileile.

Kinachovunjika kwanza ni mikono ya mbele, kisha meno ya sevo. Mikono miwili ya akiba, gia kubwa moja na sevo yenye meno ya chuma viagizwe pamoja na gari. Pini za magurudumu na ekseli fundi wa mashine ya kukerezea anaweza kuziiga. Fundi wa simu huweza kulehemu plagi mpya za betri, ila kwa chuma cha wati 60 au zaidi, maana kile cha simu hakipashi waya mnene ipasavyo.