"Canary": Ndege mudogo aliyeonya wachimbaji

Vijana wetu wenye kujifunza Kiingereza watakutana siku moja na neno "canary". Kwa Kifaransa tunasema "canari". Ni ndege mudogo wa manjano, mwenye kuimba vizuri, watu wanamufuga mu nyumba. Lakini neno hili liko na maana nyingi, na moja inatugusa sisi watu wa mine.

Ajabu ni hii: shina ya neno si ndege, ni imbwa! Kwa Kilatini imbwa ni "canis". Pliny, mwandishi wa Roma ya zamani, aliandika kwamba kisiwa cha Canaria, mu bahari ya Atlantiki upande wa Maroko, kiliitwa vile juu ya imbwa wakubwa wa kule. Kisha ndege wa visiwa vile alichukua jina la kwao. Waingereza wanaita tena "canary" rangi ya manjano, na pia mutu aliyekamatwa na polisi anayetaja wenzake wote.

Na mine inaingia wapi? Mwaka 1896 mine ya makaa ya mawe ililipuka ku Tylorstown, inchi ya Wales. Munganga John Scott Haldane alichunguza maiti, akaona wengi waliuawa na gazi ya monoksidi ya kaboni, si na mulipuko wenyewe. Gazi hii haina rangi wala harufu. Akashauri wachimbaji washuke na nyama wadogo. Ndege anapumua mbio mbio, kwa hiyo sumu inamuangusha mbele ya mutu. Ndege akianguka, watu walitoka. Mwaka 1986 Uingereza iliamua kuwaondoa, mashini ikachukua kazi yao.

Njo maana leo Waingereza wanaita "canary" kila mutu anayepatwa na hatari mbele ya wengine.

Kwetu, moteur ya essence yenye kuvuta maji inatoa gazi ile ile. Musiishushe mu shimo, musiiweke karibu na mulango wake. Mwenzenu akisema: "Kichwa inaniuma, nasikia kizunguzungu", musimuite muvivu. Yeye njo canary wenu. Pandeni wote. Na akianguka kule chini, musimufuate mbio bila hewa safi: gazi iliyomuangusha itawaangusha na ninyi.

Baba na mama, someni habari hii pamoja na vijana wenu mbele washuke.