Msitu Upukutishao Majani

Upande wa mashariki wa Uingereza liko jimbo liitwalo Suffolk, nchi ya mashamba ya ngano na shayiri. Katikati ya mashamba hayo, karibu maili 7 kutoka mji wa Bury St Edmunds, umebaki msitu wa kale uitwao Bradfield Woods. Si msitu mkubwa. Mtu aweza kuuzunguka kwa miguu katika asubuhi moja. Wala hauna wanyama wakali. Walakini watu wengi huenda kuutazama, kwa sababu umekuwa ukikatwa miti kwa taratibu moja tangu mwaka 1252, na hata leo ungali hai. Jinsi msitu uwezavyo kukatwa kwa muda wa miaka zaidi ya 750 usiishe, ni jambo lifaalo kujulikana.

Mgeni atokaye nchi za joto, akiingia katika msitu huo mwezi wa Januari, hudhani ya kuwa moto au ugonjwa umeupitia. Miti yote imesimama mitupu. Iko mialoni yenye matawi mazito. Iko miti mirefu iitwayo eshi, ambayo gome lake ni la kijivu. Tena iko miti midogo iitwayo heizeli, ambayo huzaa kokwa za kuliwa. Hapana hata mmoja wenye jani bichi. Majani yao yote yamelala chini, nayo yanaoza. Lakini miti hiyo haikufa. Imejifungia tu, kama mwenye nyumba afungaye mlango kwa sababu ya baridi.

Sababu yake ni hii. Majani ndiyo jiko la mti. Humo chakula chake hupikwa kwa nguvu ya mwanga wa jua. Lakini majani yana vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na katika vitundu hivyo maji hutoka yakawa mvuke. Wakati wa joto hasara hiyo si kitu, maana mizizi hunywa maji mengine. Wakati wa baridi ardhi huwa baridi sana, pengine maji yake huganda yakawa barafu, na mizizi haiwezi kunywa ya kutosha. Tena mwezi wa Desemba mchana wa Suffolk ni wa saa 8 tu, na mwanga wake ni hafifu. Basi majani wakati huo yangepoteza maji mengi na kupika chakula kidogo. Mbuyu wa Afrika Mashariki nao hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Adui wa mbuyu ni ukame, na adui wa mwaloni ni baridi, lakini kusudi lao ni moja, yaani kuyatunza maji.

Mti hautupi majani yake ovyo. Mchana unapoanza kuwa mfupi, mwezi wa Septemba na Oktoba, kwanza huvuta vitu vingi vyenye manufaa kutoka katika majani na kuviweka akiba katika matawi, shina na mizizi. Rangi ya kijani huharibika, ndipo rangi ya manjano, iliyokuwa imefichwa nayo, huonekana. Kisha mahali kikonyo kinaposhikana na tawi hufanyika utando mwembamba mgumu. Upepo ukivuma kidogo, jani hukatika, na kidonda kimekwisha kuzibwa. Mtu akitazama tawi kwa makini ataona matumba ya majani ya mwaka ujao yakiwa tayari. Matumba ya eshi ni meusi kama masizi.

Kuanguka kwa majani kuna faida kwa viumbe vingine pia. Mwezi wa Machi jua linapopata nguvu, miti ingali mitupu, na mwanga hufika chini kabisa. Maua madogo ya msituni hulijua jambo hilo, kwa hiyo hufanya haraka. Kwanza huchanua maua meupe mfano wa nyota. Kisha huja ua moja la manjano hafifu ambalo katika Uingereza huota hasa katika misitu ya kale ya upande huo wa mashariki. Na mwezi wa Aprili na Mei huchanua maua ya samawati, yenye umbo la kengele ndogo, hata ardhi huonekana kama imetandikwa nguo. Mwezi wa Juni majani ya miti yamekwisha kufanya dari, na chini ni kivuli. Lakini maua hayo yamekwisha kuzaa mbegu, na yale ya samawati yameweka chakula chao katika vitunguu vyao chini ya udongo, wakingoja mwaka mwingine.

Sasa ni kuieleza kazi ya wakataji. Hapo kale msitu huo ulikuwa mali ya watawa wa Bury St Edmunds. Watu walihitaji kuni, vigingi, mipini na nyua. Tena nyumba nyingi za Uingereza za siku zile zilikuwa na kuta za fito na udongo, na fito za heizeli ni imara na hupindika bila kuvunjika. Basi waliugawanya msitu mafungu mafungu. Kila mwaka, wakati wa baridi, walikata fungu moja tu, wakayaacha mengine. Waliikata miti karibu na ardhi, bila kuugusa mzizi. Mialoni michache waliiacha isimame miaka mingi, ili ipatikane mihimili ya nyumba na makanisa.

Mwezi wa Mei, kisiki kilichoonekana kuwa kimekufa hutoa machipukizi mengi kwa pamoja. Mzizi wake ni mkubwa, una akiba ya miaka mingi, kwa hiyo machipukizi hayo hukua upesi kuliko mche uliotoka katika mbegu. Baada ya miaka 20 au zaidi kidogo, fungu lile huwa tayari kukatwa tena. Na mahali palipokatwa hupata jua tele, hata maua yaliyokuwa dhaifu kwa kivuli huchanua kwa wingi. Vipepeo huyafuata maua, na ndege hujenga viota katika vichaka vipya. Huko hukaa hata mnyama mdogo wa rangi ya dhahabu, mfano wa panya, alalaye usingizi wakati wote wa baridi. Katika Bradfield Woods zimehesabiwa aina za mimea zaidi ya 350.

Jambo la ajabu ni kwamba kukata huurefusha umri wa mti. Eshi usiokatwa ni nadra kupita miaka 300. Shina lake huwa zito, huoza ndani, na upepo huuangusha. Lakini kisiki kikatwacho kwa taratibu hurudi ujana kila mara, kikapanuka kila upande. Katika msitu huo kiko kisiki cha eshi chenye upana wa futi 18 hivi, na wataalamu hukikisia kuwa kina umri wa miaka 1,000.

Lakini kukata ni jambo moja, na kung'oa ni jambo jingine. Wazee wa kale waliuzungushia msitu boma la udongo na handaki, ili ng'ombe na kulungu wasiingie kula machipukizi. Maana kisiki ambacho machipukizi yake yaliwa kila mwaka, mwisho hufa. Katika miaka ya 1960 sehemu kubwa ya msitu iling'olewa kwa mashine ili ilimwe. Mizizi ya miaka mamia iliondolewa kwa muda mfupi, wala haikuwezekana kuirudisha. Wenyeji na wapenda mimea walipinga, na mwaka 1970 sehemu iliyosalia ilinunuliwa ili ihifadhiwe. Hata leo hukatwa fungu kwa fungu kama zamani, na fito zake huuzwa.

Siku hizi msitu una adui mwingine, asiyeweza kuzuiwa kwa boma. Ni kuvu iliyotoka mashariki ya Asia, ambayo vijidudu vyake huchukuliwa na upepo. Huingia katika jani la eshi, kisha hushuka katika tawi na kuziba njia za maji, na mti hukauka kuanzia juu. Iligunduliwa katika Uingereza mwaka 1992 ilipokuwa imeanza kuonekana Poland? La, huko Poland ilionekana mwaka 1992, na Uingereza ilionekana mwaka 2012. Tangu hapo miti ya eshi mingi sana imekufa, na machipukizi machanga ndiyo yashikwayo upesi zaidi. Hapa shoka la wazee halitoshi kuwa dawa.

Hata hivyo, katikati ya eshi zilizokauka huonekana moja moja zenye majani mazima. Hizo zina nguvu ya kuushinda ugonjwa, nazo huweza kuwarithisha watoto wao nguvu hiyo. Kwa hiyo watunza misitu hufundishwa kutokata eshi zote kwa hofu, bali kuzitia alama zile zilizo nzima na kuziacha zitoe mbegu. Katika msitu ambao kwa karne nyingi kazi ya mlinzi ilikuwa kujua mti upi ukatwe, sasa kazi iliyo kubwa zaidi ni kujua mti upi usikatwe.