Virusi Havionekani, Lakini Vipo

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo kwa kupita mikono mingi kanisani. Yalikuwa majibu ya kipimo cha wingi wa virusi, na chini yake mhudumu alikuwa ameandika neno moja kwa kalamu: havionekani. Kwa neno hilo mama huyu wa Ifakara alisimama mbele ya waumini akatoa ushuhuda. Kwa neno hilohilo akaacha dawa. Miezi mitano baadaye alirudishwa kliniki kwa bodaboda, mshikaki, mdogo wake amemshikilia kwa nyuma asidondoke.

“Dokta, ninyi wenyewe ndio mliandika,” aliniambia.

Ni kweli tuliandika, tena bila kumweleza. Ngoja nieleze sasa. Virusi vya UKIMWI huishi ndani ya seli za damu zinazoulinda mwili. Dawa za kufubaza huvizuia visizaliane. Ukimeza kila siku, hupungua kwenye damu hadi mashine ishindwe kuvihesabu, na ukidumu hivyo humwambukizi mwenza wako kwa ngono. Lakini vipo vichache vilivyolala ndani ya seli. Kwa kuwa vilivyolala havizaliani, dawa haina pa kuvishika. Ukiacha kumeza, vinaamka, na kwa watu wengi ndani ya wiki chache huwa vimejaa tena kwenye damu. Mkulima wa mpunga hunielewa haraka nikimtajia ndago: unapalilia, shamba linatakata, kumbe viazi vyake vimebaki chini vinasubiri mvua.

Kibaya ni kwamba virusi vikianza kurudi mtu hasikii lolote. Anakula, analima, anaimba kwaya. Ushuhuda mwingi hutolewa katika majuma hayo, na anayeutoa hasemi uongo hata kidogo.

Bonde la Kilombero limewahi kufikiri sana juu ya kitu ambacho kipimo hakikioni. Katika miaka ya 1990 Susanna Hausmann Muela na wenzake, wakitafiti Ifakara, walisikia watu wakieleza kwamba mchawi anaweza kuvificha vijidudu vya malaria, darubini isione kitu ilhali mgonjwa anaungua kwa homa. Waliyaandika hayo mwaka 1998. Kwa maelezo hayo, kutoonekana kulikuwa dalili ya kufichwa. Leo kanisani kunasomwa kuwa ni kuondoka. Ukimtoa mchawi, naona wale wa zamani walikuwa karibu zaidi na ukweli wa maabara kuhusu VVU.

Sala yenyewe sina ugomvi nayo, na hospitali kubwa ya Ifakara, ya Mtakatifu Fransisko, ni ya Kanisa Katoliki. Linaloniumiza ni mgonjwa kuambiwa kwamba kuzidiwa kwake ni upungufu wa imani. Mwaka 2006 Herbert Benson na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Walioombewa bila kujua kwa hakika, 52% walipata matatizo baada ya upasuaji. Wasioombewa, nao bila kujua, 51%. Walioambiwa wazi kwamba wanaombewa, 59%. Sisomi humo kwamba Mungu hasikii. Nasoma kwamba maombi hayana dozi, na kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kumhesabia mgonjwa kuwa ameomba kidogo.

Watu kuacha dawa kwa imani tuliliona mwaka 2011 pia, taifa zima lilipoelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona.

Siku hizi, kabla sijauliza juu ya dawa, nauliza mtu anasali wapi na saa ngapi. Kidonge cha mara moja kwa siku hakihitaji saa ya mkononi: yupo anayemeza baada ya rozari, yupo anayemeza akirudi kutoka Isha, na mwezi wa Ramadhani akaendelea vilevile baada ya futari. Mwenye kisukari anayechoma insulini namwomba aje tuzungumze kabla mwezi haujaandama, maana kwake kufunga kuna hatari ya sukari kushuka ghafla.

Mama yule alirudi kwenye dawa. Kopo lake amelijaza pamba lisilie mbele ya wajukuu, na kidonge anakimeza mara tu baada ya sala ya jioni. Majibu mapya yalipotoka, niliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: HAVIONEKANI KWA SABABU UNAMEZA. Aliyasoma kwa sauti mara mbili, akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga.

“Jumapili naenda nayo,” alisema.